Kikombe Kisichotoka Bila Jina la Baba

Philomena, ambaye Isaka nzima inamwita Mama Dorah, anauza uji wa ulezi nje ya uzio wa bandari kavu, pale malori ya kwenda magharibi yanapojipanga. Uji wake mzito, una ndimu, lakini hata uwe na hela mkononi hupewi mpaka umwambie wewe ni wa nani. Kwao Usukumani salamu isiyofika kwenye ukoo ni nusu salamu. Ukishaitikia "Mwangaluka", salamu ya asubuhi, unataja baba, kisha baba wa baba, hadi muulizaji apate mahali pa kukuweka.

"Mama Dorah," Mabula, mpakia mizigo, humtania, "hapa unauza uji au unatoa vitambulisho vya taifa?"

"Kunywa wewe. Babu yako naye alikuwa na mdomo hivyohivyo."

Mwezi wa tatu akaja Esperance, mwanamke wa Kivu aliyekimbia vita Kongo na mtoto wa kaka yake, Nabintu, wa miaka minane. Alikuwa amepata kazi ya kupika kwenye mgahawa wa madereva, akaomba mtoto awe anashinda kwa Mama Dorah. Mama Dorah akakubali hata kabla hajamaliza kuomba. Akachota uji, akainama, akauliza alichowauliza watu maisha yake yote:

"Mwangaluka, mwanangu. Wewe ni wa nani? Baba yako nani?"

Nabintu akaingia chini ya benchi. Hakutoka mpaka jioni.

"Baba yake walimuua yeye akiona," Esperance alinong'ona alipokuja kumchukua. "Tangu siku ile hajasema neno. Asipozoea hapa, Mama, kazi nitaiacha. Siwezi kumfungia chumbani peke yake."

Mama Dorah akajishika mdomo. Hivi mtu anamsalimiaje mtoto bila kumuuliza ni wa nani? Miaka hamsini na nane, na swali hilo lilikuwa halijawahi kumpitia kichwani. Alilikoroga pamoja na uji siku mbili nzima.

Kumbe kulikuwa na jambo jingine. Mabehewa yakigongana relini, mtoto alijikunja kama jongoo. Mama Dorah akamfuata mfanyakazi wa reli, akamdadisi hadi akajua yanaunganishwa saa ngapi. Ikikaribia, anaita: "Nabintu, litagonga sasa hivi. Ni behewa tu. Moja, mbili, tatu..." Gwaa! Wiki ya pili vidole vikachungulia chini ya benchi, vinahesabu.

Na salamu akaigeuza. Badala ya kuuliza, akawa anajibu mwenyewe.

"Mwangaluka. Mimi ni Philomena, wa Maganga, aliyezikwa Runzewe. Alikuwa anakoroma kama lori linalopanda mlima." Anaweka kikombe benchini, anaendelea na wateja. Kesho yake: "Mimi ni Philomena, wa Maganga. Alivunja jembe la jirani akasingizia ng'ombe." Kila asubuhi Maganga na kioja kipya.

"Na wewe, mrembo, ba..." Mabula akaanza siku moja. Upawa ukamtua mkononi.

"Kunywa!"

Asubuhi moja, sauti nyembamba ikatoka chini ya benchi. "Baba yako, sasa iko wapi?"

Upawa ukasimama hewani. Mabula naye, kikombe mdomoni.

"Amekufa, mwanangu. Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Ukimtaja, anasikia?"

Mama Dorah akakuna shingo. "Hata mimi najiuliza. Katekista ana jibu lake, marehemu bibi yangu alikuwa na la kwake. Mimi sijui. Namtaja tu, isije ikawa anasikia halafu mimi nimenyamaza."

Mabehewa yakagongana, hakuna aliyehesabu. Kisha mtoto akajitokeza, vumbi magotini.

"Miye ni Nabintu," akasema. "Wa Byamungu. Alikuwa anashona viatu."

Viatu gani? Alishonea wapi? Na babu je? Maswali yalimjaa Mama Dorah hadi kooni. Akayameza yote, akachota uji, akaujaza kikombe hadi ukingoni.

"Mabula," akaita, "hebu sogea huko. Mpishe binti Byamungu akae."