Magoti Chini ya Mibuni ya Mzee Kahigi

Hadithi hii hainipi sifa yoyote, nalijua hilo kabla sijaanza. Lakini wenzangu wa Nyakakika wanaisimulia vibaya kuliko ilivyokuwa, wengine wananiongezea hata machozi ambayo sikuyatoa. Bora niiseme mwenyewe.

Sisi enzi zetu shule tulianza na ndevu. Mimi darasa la nne nimelimaliza sauti imeshakuwa nzito, mwalimu akinituma chaki, watoto wa njiani wananiamkia shikamoo. Tulikula viazi vya kuchoma, tukacheza mpira wa majani ya migomba mpaka unafumuka, na msimu wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga, hakuna aliyekumbuka hesabu. Sinema tuliiona kwa bahati, gari la serikali likifika. Linasimama uwanjani, shuka jeupe linafungwa kwenye nguzo mbili, giza likiingia kijiji kizima kimeshakaa chini.

Kwanza walituonyesha namna ya kuanika kahawa, sisi tulioanika kahawa tangu tumboni. Halafu ikaja picha ya Ulaya ya zamani sana. Wanaume wana soksi mpaka magotini na nywele nyeupe za bandia. Wanawake sketi zao pana kama ghala la maharage, mlangoni wanapita kwa ubavu. Kulikuwa na mkalimani mwenye kipaza sauti. Kijana wa kwenye picha anaongea mpaka jasho linamtoka, mkalimani anasema, "Anampenda." Binti anajibu kirefu, analia kidogo, anabamiza mlango. Mkalimani: "Hataki. Lakini anataka."

Ukiniuliza picha ilihusu nini, haikuhusu kitu. Hakuna aliyekufa. Tangu mwanzo hata mbuzi angejua wale wawili wataoana, na bado tulikaa roho juu. Nadhani utamu ulikuwa hapo hapo: mwisho unaujua, kwa hiyo unacheka bila woga mtu akitumbukia bwawani na soksi zake. Halafu wale walikuwa mababu wa Wazungu! Bwana Shauri wetu, yule Mzungu wa wilaya asiyecheka hata akitekenywa, kumbe babu yake aliruka madirisha kwa ajili ya msichana. Hilo lilitufariji sana.

Mwisho yule kijana akapiga magoti mlangoni, maua mkononi, binti akacheka, muziki ukalia. Bibi mmoja nyuma yangu akaguna, "Mwanaume anampigia mke magoti? Huyo atajipikia."

Mimi sikucheka. Nilikuwa na shida yangu. Nilimtaka Kokugonza, binti wa Mzee Kahigi wa kilima cha pili, na baba yangu mdogo Ishengoma, ambaye ndiye mshenga wangu, alishakwenda kwao mara mbili. Jibu lilikuwa litoke Jumapili, akipeleka kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Siku ile ya sinema ilikuwa Alhamisi. Jumapili niliiona mbali kama Bukoba kwa miguu.

Ijumaa nikatafuta maua. Kwetu nani alipanda maua? Yalikuwepo ya maboga, ambayo ni mboga. Lakini mibuni ilikuwa imechanua, myeupe pe, harufu inakufuata njiani. Nikavunja matawi matatu manene, tena ya mbuni ulio karibu na mlango wa kina Kokugonza, ili yasininyaukie njiani. Hapo ndipo akili zangu zilipoishia.

Kokugonza nilimkuta uani anamenya ndizi. Nikapiga magoti.

Akaniangalia. "Umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu."

"Basi inuka, hapo kuku wamepita."

"Nimekuletea maua."

Mama yake akatoka, akaona matawi, akapiga yowe la nyumba kuungua. Majirani wakaja na majembe, mmoja na mkuki. Mimi bado niko chini, maana kwenye picha hawakuonyesha namna ya kuinuka.

Mzee Kahigi akafika. "Ni nini hiki?"

"Shikamoo baba. Ni maua."

"Marahaba. Haya si maua, ni kahawa yangu haijaiva. Nani kakutuma?"

Nikasema, "Sinema."

Watu walicheka mpaka mwenye mkuki akauegemeza ukutani. Mzee hakucheka. "Mwambie Ishengoma Jumapili asije. Jibu nitalitoa mti huu nikiuvuna. Mpaka hapo, palizi ya mibuni yangu yote ni yako."

Nikalima. Nilipalilia, nikabeba kichwani nyasi za kutandaza shambani, kila asubuhi nikauamkia ule mbuni kama mkwe. Kila punje ikianguka na moyo wangu unaanguka. Kokugonza akipita na maji ananiuliza, "Leo hujaleta maua?" Wiki mbili kabla ya mavuno baba mdogo aliniambia kuna mwalimu wa Kyerwa naye ametuma watu pale. Sikula siku hiyo.

Mzee alivuna, akaita mshenga, rubisi ikanywewa, nikapewa mke.

Vijana wa sasa hawana habari. Wanapanda basi kwenda mjini kutazama sinema, nayo ni bastola na farasi tu, wakirudi wanapigana ngumi sokoni na hawajui kwa nini. Barua za mapenzi wanaandikiwa na karani. Hakuna anayepanda kilima na tawi mkononi aonekane mjinga mbele ya mama mkwe. Wana akili kuliko sisi, sikatai. Ila gari la sinema halijarudi Nyakakika, na ile picha ya soksi ningeitazama tena hata kesho.

Mwezi wa kwanza wa ndoa tulikaa jikoni tukitafuna kahawa, nikamwambia mke wangu kwamba jasho langu kwenye mibuni ndilo lililomlainisha baba yake. Akatema ganda.

"Baba alikuwa hana neno," akasema. "Mimi nilishamwambia ndiyo Alhamisi ile, kabla ya sinema. Alikuwa anangoja rubisi ya Jumapili tu."