Pete Sita Kwenye Majani ya Karuba

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri tu. Lakini kilima chenye majani ya ng'ombe, hapa Karuba, nilikinunua kwa nguvu yangu mwenyewe, na sipendi muntu akute uchafu kwangu.

Ilikuwa miaka ya vita. Agronomu mumoja, fundi wa mimea, mwanamuke wa Butembo, alikuja kupima namna majani yangu yanavuta na kutoa hewa ya kaboni, zaidi wakati wa kiangazi. Satelite inakisia toka juu, akanieleza, lakini lazima muntu apime chini, tujue kama inasema kweli. Akapandika pete sita za plastiki kwenye udongo. Akipima, anafunika pete na sanduku ya plastiki nyangavu yenye mashini, anasoma namba: ikishuka, majani yanavuta hewa; ikipanda, yanatoa.

"Papa, kazi yako iko moja: ng'ombe wasikanyage hapa."

"Ng'ombe zangu zinanisikia kuliko watoto wangu," nikamujibu.

Kisha mapigano yakafunga barabara kule Mubambiro. Wiki tano hakufika. Kila asubuhi nilipita kwenye zile pete, nikaona aibu: majani yamejaa ndani kama nywele za muntu mugonjwa. Mugeni akute hivi? Nikapiga magoti na kisu, nikang'oa yote. Udongo ukabaki safi kama kiwanja cha kanisa.

Barabara ikafunguka, akarudi. Akafunika pete ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uso ukabadilika.

"Mchwa wamekula yote, Papa. Satelite inaona kilima kinavuta hewa, hapa chini kinatoa tu. Kule Kibabi, fasi ingine ya kupima, tuliisha kupapoteza juu ya vita. Hapa njo palibakia. Namba zikikataana, kazi yangu ya miaka mbili imekufa."

Nasema kweli, nilitaka kuwaachia mchwa kosa hilo.

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, alikuwa analeta maziwa. Akacheka. "Mchwa huyo, mwanangu, iko anavaa kofia."

Kofia ilikuwa kichwani mwangu.

"Njo mimi, hapana mchwa," nikasema. "Nilisafisha."

"Ulisafisha? Papa! Umenyoa kilima!" Hakujua acheke ao alie. "Zote sita?"

Hapo nikakumbuka. Ile ya sita, nyuma ya lupango, ua wa ng'ombe, sikuifikia. Siku ile risasi zililia upande wa Mushaki, nikashuka mbio. Tukaenda karibu tunakimbia. Majani yalikuwa yamesimama ndani, hayakuguswa. Akaweka sanduku. Tukaangalia namba, sisi watatu, maziwa yakipoa.

Namba ikaanza kushuka.

"Inavuta," akasema polepole. "Inavuta, Papa! Sawa na satelite."

Nikakaa chini kwenye majani, mimi muzee muzima. Zile pete tano akazihamisha hatua mbili pembeni, kwenye majani mazima.

Mbele ya kupanda pikipiki akanyoosha mukono. "Papa, kisu."

Nikamupa.