Nahodha wa Ngokolo

Niliporudi Ngokolo, mtaa wetu wa Shinyanga, kwa likizo, katikati ya miaka ya sabini, sandukuni mwangu mlikuwa na barua ya chuo ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa nimekaa miaka miwili Ulaya, katika mji wa bandari kwenye Bahari ya Baltiki, nikisomea unahodha kwa ufadhili wa serikali. Mwaka wa kwanza uliishia kwenye kujifunza lugha yao. Wa pili, kabla hatujapanda meli ya mafunzo, tulipimwa macho. Daktari alinifungulia kitabu chenye kurasa za vidoadoa, akaniuliza naona tarakimu gani. Sikuona tarakimu yoyote. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine, kisha akakifunga kitabu taratibu.

Macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani. Baharini, taa za rangi hizo ndizo zinazokuambia meli iliyo mbele yako inaelekea wapi. Barua ilisema nichague kozi nyingine ya mambo ya bandari, la sivyo nirudishwe nyumbani.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, anayezipungia treni bendera pale stesheni ya Shinyanga. Bahari hakuwahi kuiona, lakini mtaa mzima ulishasikia kutoka kwake habari za bahari na za mwanawe nahodha. Watoto waliniamkia, "Shikamoo, nahodha." Wazee wa barazani, kahawa mkononi, waliniuliza meli inapigaje kona pasipo na barabara. Niliwajibu kama nahodha. Mwisho nikawa nashinda chumbani, nasingizia mafua.

Wiki ya tatu baba akaja kunitoa. "Vaa viatu. Wenzangu wanataka kukuona."

Tulifika stesheni treni ya Mwanza ikiwa inakaribia. Nikawasalimia wenzake, wakaitikia marahaba kwa furaha. Kisha baba akanipa bendera zake mbili, kitambaa kimechujuka kwa jua la miaka.

"Leo nahodha ndiye atakayeipokea treni," akawaambia. Akanigeukia. "Inua ya kijani."

Nilizitazama. Zote mbili zilikuwa na rangi moja, kama udongo mkavu. Treni ikapiga honi. Nikainua ya mkono wa kulia.

Baba alininyang'anya zote, akainua ile nyingine juu kabisa. Wenzake wakacheka, wakidhani nafanya mzaha. Yeye hakucheka. Treni iliingia, ikasimama, ikaondoka, naye hajanitazama.

Njiani kurudi ndipo aliponiuliza, "Tangu lini?"

"Nafikiri nilizaliwa hivyo, baba."

"Chuoni wanajua?"

"Wanajua. Unahodha wamenikatalia."

Tukatembea kipande kirefu, yeye mbele, mimi nyuma. Nilingoja anigombeze. Ningefarijika.

"Na mimi nimeshawaambia watu," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Basi usiwaambie. Walau mpaka nistaafu."

Nilitaka kumwambia kwamba siwezi, kwamba nimechoka. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Nilirudi Baltiki nikasomea upakiaji na upakuaji wa shehena. Wenzangu walipopanda meli ya mafunzo nilibaki ghalani na karatasi. Nilipohitimu nikapangiwa ofisi ya bandari Dar es Salaam, chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa ghala. Kila likizo nilipanda treni kwenda Shinyanga.

Baba alistaafu. Hakuniondolea ile ahadi ya kutowaambia watu, nami sikumkumbusha. Wageni wakija aliniita sebuleni, akanikalisha kando yake.

"Wasimulie ile dhoruba," aliniambia, dhoruba aliyoitunga yeye mwenyewe.

Nami niliisimulia, mawimbi na upepo na usukani, macho yangu sakafuni. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa, na nilipokosea jina la bandari, alinisahihisha.