Mapipa ya Makombo na Springi za Lori

Eti nguruwe ndiye mchafu. Mchafu ni binadamu anayemlisha, na ushahidi ni shati langu. Kila asubuhi nilivuta trela ya makombo kutoka jiko la maofisi fulani Upper Hill hadi mabanda yangu Kinoo: mapipa ya ugali uliochacha na kabichi, na mchuzi unaobubujika kama uko hai. Harufu yake ingefufua maiti, kisha imuue tena.

Mwaka huo pikapu yangu ilianza kukaa chini kwa nyuma kama kuku anayetaga. Trela nayo ikainama mbele, mchuzi ukamwagika langoni mwa jiko lile. Mpishi mkuu, mama wa gambuti nyeupe, akanisimamisha.

"Baba Nguruwe, tone moja tena kwa lango langu, makombo yanaenda kwa yule mfugaji mwenzako wa Kabiria. Na yeye ananukia sabuni."

Nilikuwa na nguruwe wawili wenye mimba. Bila lango lile ningewalisha cheti changu cha shule ya jioni.

Nikaenda mjini kwa wauza vipuri. Mmoja alisifu mifuko ya hewa ya kuinua springi: "Bosi, utadhani unavuta godoro!" Wa pili aliapa kwa vipande vya mpira vya kukaza springi. Hakuna aliyetoka kuangalia trela. Walinusa, wakarudi ndani. Kinyaa changu kwao kilizidi chao kwangu.

Fundi wa Kinoo, pua ameifunga tambara, ndiye aliyenimaliza. "Tupachike mabapa manne ya springi za lori kila upande. Hii haikai chini hata upakie Mlima Kenya."

Nikakubali. Sisi huku tunaamini chuma: kikizidi, ndiyo dawa.

Kesho yake pikapu ilisimama matako juu, ngumu kama benchi la kanisa. Nilipakia, nikapita lango salama, nikagonga tuta la kwanza barabarani. Ikaruka! Kifuniko kikaenda zake, na pipa zima la mbele likatapika juu ya paa la pikapu na kuingia dirishani. Nilikuwa nimefungua mdomo kupiga kelele. Nikameza kitu. Mpaka leo sitaki kujua ni nini.

Mama wa gambuti alitoka, akalizunguka lile janga.

"Mbona mapipa yaliyojaa yote umeyabana mbele ya trela?"

"Nisiwarushie wenye magari nyuma yangu, mama."

"Wamekuoa? Mimi sufuria ya ugali siiweki ukingoni mwa jiko."

Nilitamani ardhi inimeze, makombo na yote. Kule shule ya jioni, somo la wenzo, la uzito na egemeo lake, nililichora ubaoni mimi mwenyewe kwa chaki, darasa zima la watu wazima likapiga makofi hadi mabati yakalia. Kumbe uzito wote niliukalisha juu ya ndoano ya pikapu inayovuta trela, kisha nikalaumu springi!

"Yamemwagika nje," alisema. "Nje si kwangu. Kesho nitaangalia."

Jioni fundi aliondoa mabapa matatu kila upande, akaacha moja. Alfajiri nilipanga mapipa mazito juu ya magurudumu ya trela, matupu nyuma, na moja tu lililojaa mbele ili trela isiyumbe.

Mama alinisimamisha langoni. Alichuchumaa, akachungulia chini ya trela, akaburuta ncha ya gambuti kwenye saruji. Kavu.

Nikamnyooshea mkono kwa furaha.

"Pita," alisema, akirudi nyuma hatua mbili. "Salamu zako nimezipokea kutoka hapa."