Mwili wa Domitila, Sifa za Selestini

Mtaani kwetu Katubuka, Kigoma, tumewahi kuishi na wezi, walevi na waongo, na wengi wao tuliwasamehe. Selestini hatukumsamehe, ingawa hakuwahi kumpiga mtu wala kufikishwa mahakamani. Alikuwa mtunza stoo, basi. Wakimbizi wa Burundi walipoanza kuvuka ziwa kwa maelfu, maghala ya chakula yakafunguliwa mjini Kigoma, na yeye akapewa funguo za mojawapo. Kabla ya hapo alikuwa akishona viatu, na vibaya. Baada ya funguo zile alianza kutembea polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

Nyumbani kwake kulikuwa na mafuta ya bati, sukari, na ule unga wa mahindi na soya uliotengwa kwa ajili ya watoto waliodhoofu kambini. Sote tulijua ulivyofika pale. Mkewe Agnesi aliuliza mara moja, akaambiwa ni mifuko iliyopasuka njiani. Mifuko ikaendelea kupasuka miaka mitano.

Walikuwa na mtoto mmoja, Domitila. Alipokuwa na miaka minne Selestini alianza kumlisha kwa mkono wake mwenyewe: uji mzito asubuhi, uji mchana, na jioni ugali uliozama kwenye mafuta. Mtoto akisema ameshiba, baba alimwambia kuna watoto huko kambini Kibondo wanaolilia uji huo huo. Alilisema hilo bila aibu yoyote, yeye aliyewaibia.

Domitila akanenepa. Alirefuka pia, akawapita watoto wa rika lake kwa kichwa kizima, na hata meno ya utoto yakaanza kung'oka mapema. Hajatimiza miaka mitano, magego ya ukubwani yalikuwa yameshachomoza. Selestini akaona amepata cheo cha pili. Alimpeleka mtoto kwenye baraza la wazee wa bao, akamwambia afungue kinywa, akawaonyesha mapengo na magego kama mtu anayeuza ndama mnadani. Kisha akawashika taya watoto wa wenzake, akawatazama, akaguna. Kwake yeye mtoto mwembamba alikuwa ushahidi kwamba baba yake hana kitu.

Haikutosha. Mwaka ule akaamua Domitila aanze darasa la kwanza, ingawa hata miaka sita hakuwa nayo. Mwalimu mkuu, Oswald, aliwapima watoto kama walivyopimwa siku zote: pitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili umekua. Domitila aligusa sikio bila shida. Oswald akatazama na meno, akaandika miaka saba, na jioni yake bati moja la mafuta likaonekana likiingia nyumbani kwa mwalimu. Agnesi alisema binti bado anajikojolea kitandani. Selestini akamjibu kwamba kujikojolea hakuandikwi kwenye cheti.

Mambo yalikwenda kama ambavyo kila mtu mwenye akili angetarajia. Domitila alilala darasani. Hakuweza kushika penseli kwa muda mrefu, alilia akiitwa ubaoni, na walimu, wakiutazama mwili ule mkubwa, walimwona mvivu na jeuri. Mtoto mdogo akikosea huonewa huruma. Yeye alichapwa kama mkubwa. Wenzake wakamwita Gunia. Alirudia darasa la pili, kisha akarudia la tatu.

Na hapo ndipo Selestini alipoonyesha alivyo. Mtoto aliyekuwa fahari yake sasa akawa fedheha. Pale pale kwenye bao, mbele ya watu wale wale, alianza kusema kwamba binti amechukua kichwa cha ukoo wa mama yake, watu wa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi, wasiojua kuwaza kitu ila samaki. Domitila alikuwa karibu nasi akimsubiri baba yake amalize kucheza. Alisikia yote. Hakulia, alikaa tu akichorachora chini kwa kidole cha mguu.

Wakati huo walikuwa na msichana wa kazi, Leonia, Mrundi aliyevuka ziwa na shangazi yake, kisha wakapotezana kwenye vurugu za kituo cha mapokezi. Agnesi alimkuta sokoni akamchukua. Leonia alisema ana miaka kumi na miwili, na Selestini akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mwembamba, mfupi, na bado ana meno mawili ya utoto mdomoni. Selestini akaamua ana miaka minane na kwamba Warundi hudanganya umri ili wapate mgawo mkubwa. Alipoombwa ampeleke shule, alisema atapelekwa meno yakishakamilika. Basi Leonia akabaki kuosha sufuria, na jioni, Selestini akiwa hayupo, alimfundisha Domitila hesabu za darasa la tatu alizozisoma kwao kabla ya vita. Domitila alizielewa. Akiwa na Leonia hakuwa mjinga hata kidogo, kwa sababu Leonia alimfundisha kama mdogo wake.

Siku moja Domitila aliumwa jino, Agnesi akampeleka hospitali. Tabibu wa meno alikuwa Aikande, mwanamke wa Machame aliyehamishiwa Kigoma mwaka uliotangulia, mtu asiyependa maneno mengi. Alilitibu jino, kisha akauliza umri. Agnesi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amelazimishwa kutaja umri wa uongo, alisema ukweli: tisa. Aikande akatazama tena kinywani, akawatuma wapige picha ya mkono. Picha iliporudi aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha Agnesi vifupa vya kifundo cha mkono.

Alieleza taratibu. Mtoto mwenye uzito mkubwa kupita kiasi, meno yake huweza kutoka mapema, na mifupa nayo hukomaa mapema. Meno na mkono wa Domitila vilionekana kama vya mtoto wa miaka kumi na mmoja au zaidi. Apunguziwe mafuta na sukari, acheze, asishindishwe njaa.

"Lakini ana miaka tisa," Aikande akasema. "Mwili ndio umetangulia. Mtoto mwenyewe hajachelewa popote. Msimdai vitu vya umri asiokuwa nao."

Agnesi alirudi nyumbani na picha ile ndani ya bahasha, akiamini kwamba sasa mumewe ataelewa. Selestini alisikiliza mpaka aliposikia miaka kumi na mmoja. Mengine hakuyasikia. Aliichukua picha, akaenda nayo barazani, akaiinua juani ili sote tuione mifupa ya binti yake. Hospitali imethibitisha, alisema, ni kumi na mmoja kamili. Kwa hiyo hakuna cha utoto, ni uzembe, na kuanzia leo atachapwa na nyumbani pia. Mzee Feliksi, aliyekuwa akicheza naye, aliacha kete zake akaondoka. Wengine tukamfuata. Selestini alibaki na picha yake mkononi, akiwa bado anaeleza.

Kesho yake asubuhi, mume akiwa stoo, Agnesi alifunga nguo chache kwenye kanga, akawachukua wasichana wote wawili, wakapanda boti kwenda Mwamgongo kwa kaka yake Nikodemu. Kwenye shule ya kijiji alimwambia mwalimu umri halisi wa kila mmoja. Domitila akawekwa darasa la pili. Leonia, mfupi kuliko wote, akawekwa la nne.

Selestini aliwafuata baada ya wiki kadhaa. Alishuka kwenye boti ametapika njia nzima, suruali imelowa mpaka magotini, viatu vyake vya mjini mkononi. Nikodemu alimpa kiti na maji. Selestini hakumuuliza mtu hali. Alisema ametiwa aibu, binti yake mwenye mwili kama ule kuketi na vitoto vya darasa la pili, watu watasema nini.

Agnesi alikuwa akianua dagaa. Aliendelea kuanua.

"Miaka yote hii ulikuwa unalisha mwili upate sifa," alimwambia. "Mwili ukikuletea sifa, ni wako. Mtoto akishindwa, ni wa kwetu Mwamgongo. Sawa. Basi umeshamfikisha kwao, rudi mjini."

Selestini akamgeukia Nikodemu, akitarajia mwanamume mwenzake amsaidie. Nikodemu alimwambia boti ya kurudi inaondoka saa tisa, na kwamba akikaa mbele hatatapika sana.

Hakuna adhabu iliyompata. Kambi zilipopungua, ghala lilifungwa, na wakubwa wake wakampa cheti cha utumishi mwema, ambacho alikitundika ukutani kwenye chumba alichopanga mtaa wa Kasingirima.

Domitila alishika nafasi ya tatu darasani mwaka wa kwanza, na unene ukapungua kwa kukimbia ufukweni na wenzake. Alipofika miaka kumi na miwili aliacha kurefuka. Mifupa yake ilikuwa imeshamaliza kazi yake mapema. Leonia, ambaye Selestini alimwita mtoto wa miaka minane, aliendelea kukua taratibu mpaka akampita Domitila kwa urefu na mabega. Amani ilipopatikana alirudi kwao Burundi, Rumonge, akaolewa huko. Mpaka leo wanapigiana simu, na Domitila bado humwita dada.

Sasa Domitila ni mfanyabiashara wa dagaa, ana nyavu zake za kuanikia na watoto watatu. Mwaka juzi Selestini alifika kwake, mzee, amekonda, akaanza kuwaeleza majirani kwamba huyu ndiye binti aliyemlea kwa uji bora kuliko mtoto yeyote wa Kigoma. Domitila alimwamkia, akamwekea samaki na ugali, akamfungia dagaa wa kuondoka nao. Kisha akawaita wanawe.

"Mwamkieni babu yenu," alisema. "Mkimaliza nendeni mkacheze."