Diski ya Mama Collins

Mukai alijifunza ufundi wa redio na televisheni kwa sababu mumewe, Mulei, aliumia mkono. Walikuwa wamefungua kibanda Kawangware, upande wa kuelekea Riruta Satellite. Mulei alitengeneza, naye Mukai akakaa mbele kupokea wateja. Kisha siku moja Mulei alikuwa akimsaidia jirani kubeba mabati, bati likateleza na kumkata mishipa ya kiganja. Kidonda kilipona, lakini vidole vikakataa kukunjika. Hakuweza tena kushika bisibisi.

Hawakuwa na kazi nyingine. Mukai akaketi kwenye kiti cha mumewe, na Mulei akakaa nyuma yake kwenye kreti ya soda akimwelekeza: fungua hapo, usiguse hiyo, pima hapa kwanza. Mwaka wa kwanza Mukai aliunguza vitu vingi, na wateja wengine walipoona ni mwanamke aliyeshika mita waligeuka na redio zao. Lakini aliendelea. Kufikia wakati wa habari hii, Mulei alikuwa ameacha kuelekeza na kuanza kuuza viazi na vitunguu mlangoni, na watu wakija walimuuliza, "Fundi ako?" naye akajibu, "Ako ndani, ingia."

Kulikuwa na kazi moja ambayo Mukai alijulikana nayo kuliko mafundi wengine wa mtaa. Mashine za kuchezea diski huuzwa zikiwa zimefungiwa eneo. Iliyotengenezewa watu wa Ulaya na huku kwetu haikubali diski ya Amerika, na ya Amerika haikubali ya huku. Si kwamba haiwezi kuisoma. Ni programu iliyo ndani yake ndiyo imeambiwa ikatae. Mukai alijua kuibadilisha hiyo programu. Zamani kazi hiyo ilikuwa kila wiki, watu wakirudi kutoka nje na mashine au na diski. Siku hizi watu wanatazama kila kitu kwa simu, na diski zimekuwa vitu vya kutundika shambani kufukuza ndege. Lakini mara mojamoja mtu alikuja.

Ndivyo alivyokuja Filister. Alikuwa mama wa makamo, mkaazi wa Kibera upande wa Olympic, anayefua nguo na kusafisha nyumba za watu Nyayo Highrise. Alibeba mashine nyeusi ndani ya mfuko wa unga, na diski moja aliyoifunga kwa leso.

"Sasa, fundi."

"Poa, mama. Karibu, keti."

"Nimeambiwa wewe ndio unafungua hizi mashine."

"Inasumbua aje?"

Filister akaitoa mashine. Mwajiri wake mmoja alipohama alikuwa amemwachia, pamoja na pasi na mapazia. "Ni nzima. Nilipeleka kwa jirani, ako na TV kubwa, ikawaka vizuri. Lakini kuweka hii diski ikaandika kizungu. Mtoto wa jirani akanisomea, akasema diski si ya hapa."

Mukai akaigeuza diski. Ilikuwa Blu-ray, zile zenye picha kali, na ilikuwa na alama ya Amerika. Hata kompyuta za cyber zisingeisoma. Zinasoma DVD za kawaida tu.

"Iko na nini?"

"Iko na kijana wangu," Filister akasema.

Akaeleza bila kuharakisha, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Collins alipata ufadhili, akaenda kusoma Amerika. Huko alijiunga na kikundi cha muziki cha chuo, akipiga ngoma. Alikuwa akipiga simu, lakini simu ya mamake ni ya kubonyeza, kwa hivyo walisikizana tu, hawakuonana. Mwaka wa mwisho gari alimokuwa liliteleza kwenye barafu. Mwili uliletwa, wakamzika nyumbani Vihiga, na jeneza halikufunguliwa. Sanduku la vitu vyake lilifuata baadaye. Ndani yake kulikuwa na nguo, viatu na hiyo diski ya tamasha la kikundi chao, ambayo chuo kiliwauzia wazazi na wageni.

"Tangu aende sijamuona," Filister akasema. "Nataka kumuona akiwa mkubwa."

Mukai akamuuliza ataitazama wapi, maana mashine hiyo haiwezi kuunganishwa na televisheni ya zamani. Akapendekeza airudishe kwa jirani ikishafunguliwa. Filister akakataa. Hakutaka kumtazama kwa nyumba ya watu, wageni wakiingia na watoto wakitoka. Mpwa wake Ryan alikuwa amemwahidi simu yake kubwa ya zamani. Je, kijana hangeweza kuingizwa kwa simu?

Mukai akafikiri. Kuna programu ambayo mafundi wa nje wameibadilisha, ambayo haifungui eneo tu bali inafungua na njia ya mtandao, mashine ikaweza kutuma picha kwenye vyombo vingine. Hakuwahi kuiweka kwa mashine ya aina hii, lakini alikuwa amesoma habari zake.

"Niachie," akasema. "Nitajaribu."

Hatua ya kwanza ilikuwa rahisi. Alibonyeza namba fulani kwenye rimoti, ukurasa uliofichwa ukafunguka, akabadilisha eneo, akazima na kuwasha. Akaingiza diski. Mashine ilinguruma kidogo, ikatulia, na picha ikatokea kwenye televisheni ya kibandani.

Mukai aliona jukwaa lenye taa za njano. Aliona vijana wamesimama kwa mstari wakiwa wamevaa mashati meupe. Upande wa kushoto alikuwepo kijana mweusi, mrefu, amening'iniza ngoma begani kwa mkanda. Aliinamisha kichwa kuielekea ngoma kana kwamba anaisikiliza, akapiga, akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Sauti Mukai alikuwa ameizima, maana mteja wa spika alikuwa ameingia na wanaongea. Alitazama kwa jicho moja. Alichokuwa akitafuta ni kama picha inakwama au inatembea, na ilikuwa inatembea.

"Imekubali," akamwambia Mulei kutoka ndani.

"Si umpigie mama huyo?"

"Wacha nimalize ya simu kwanza. Asije mara mbili."

Akaitoa diski, akaifunga tena kwa leso, akamshughulikia mteja wa spika.

Ile programu ya mtandao aliipata kwenye ukurasa wa mafundi wa Urusi. Akalinganisha jina la mashine na lile lililoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, yakawa sawa. Akaiweka kwenye flash, akaichomeka, akakubali. Kidirisha cha mbele kikaanza kuhesabu asilimia. Hesabu ikafika mwisho, mashine ikajizima yenyewe kama inavyotakiwa, ikajiwasha, ikaandika neno LOAD. Mukai akangoja. Neno lilibaki pale pale. Akangoja mpaka chai yake ikapoa. Akachomoa waya, akarudisha. LOAD.

Alipoifungua ndipo akaona. Namba iliyoandikwa kwenye sahani ya ndani, ile yenye saketi, ilikuwa na herufi moja ya mwisho tofauti na ile ambayo programu ilitaka. Kibandiko cha nyuma hakikuwa na hiyo herufi. Kampuni ilikuwa imetengeneza mashine za jina moja zenye matumbo tofauti, na yeye hakufungua kuangalia. Wala hakuwa ametoa nakala ya programu ya kwanza kabla ya kuifuta. Mulei alimfundisha hivyo tangu mwanzo: toa nakala. Lakini hatua ya kwanza ilikuwa imemwendea vizuri mno.

Alijaribu yote aliyoyajua. Alichomelea nyaya nyembamba kama nywele kwenye chipu ya kumbukumbu ya mashine, akajaribu kuiandikia upya kutoka kwa kompyuta. Aliwaandikia watu wa ule ukurasa, akajibiwa na mmoja tu, aliyemwambia kwamba programu ya sahani yenye herufi hiyo hana. Alikwenda mjini, barabara ya Luthuli kwenye maduka ya elektroniki, akaingia duka baada ya duka. Wauzaji walimtazama kama mtu anayeuliza mkanda wa kaseti. "Blu-ray? Mama, nikuuzie smart TV." Aliyekuwa nazo, Shiundu, muuzaji wa vitu vya mtumba, alikuwa na mbili zilizokufa, si za jina hilo. Alisema yuko mtu wake Amerika, akija Desemba atamwambia abebe moja. Hakuonekana kama anayeamini anachosema.

Jioni moja wakifunga kibanda Mulei aliuliza, "Ile siku ilikubali, si ungeshika simu tu urekodi kioo cha TV?"

Aliuliza polepole, bila lawama, kama mtu aliyepata wazo. Mukai alikuwa ameinama akifunga kufuli. Hilo halikuwa limempitia akilini hata mara moja. Simu ilikuwa mfukoni mwake wakati wote. Aliendelea kushika kufuli lililokwisha kufungwa, na Mulei akaanza kukusanya viazi.

Ilibidi amwite Filister. Kwenye simu alisema tu, "Mama Collins, kuja tuongee," akakata.

Filister akaja Jumapili baada ya ibada, amevaa gauni la kanisani na viatu vya ngozi. Alikuwa na simu ya Ryan ndani ya soksi safi ili isikwaruzike. Mukai akamwona akivuka barabara, akatamani avuke tena arudi alikotoka.

"Imekufa, mama," akasema hata kabla hajaketi. "Mashine imekufa. Ni mimi nimeiua. Diski ni nzima."

Filister akaketi. Akaitazama mashine iliyofunuliwa juu ya meza, nyaya zikiwa zimetoka nje. "Haiwezi kufufuka?"

"Nimejaribu."

"Kwa hivyo haikufunguka."

Hapo Mukai angeweza kunyamaza. Lakini alisema ukweli, kwamba ilifunguka, kwamba diski ilicheza hapo hapo kibandani, kwamba alimwona.

Filister hakukasirika. Uso wake ulisogea mbele. "Ulimuona?"

"Kidogo."

"Niambie."

Mukai akamwambia habari za jukwaa, taa, mashati meupe, ngoma ya begani, kile kichwa kilichoinama. Filister alisikiliza akiwa ameshika soksi kwa mikono miwili. Mukai alipofika kwenye kujipangusa uso kwa mkono wa shati, Filister akacheka kidogo. "Hiyo tabia nilimkataza."

"Alikuwa amesimama kushoto," Mukai akaendelea, akiona angalau ana kitu cha kumpa. "Mrefu kuliko wenzake."

Filister akaishusha soksi mapajani.

"Collins hakuwa mrefu," akasema.

Nje Mulei alikuwa akimpimia mtu vitunguu.

"Alikuwa ananifika hapa." Filister akagusa sikio lake. "Lakini alienda kama bado ni kijana. Labda alirefuka huko. Huko wanakula vizuri."

"Mama, sijui kama ni yeye."

"Kulikuwa na wengine weusi?"

Mukai alijaribu kuurudisha ule mstari kichwani, shati baada ya shati. Nyuso nyingine hazikuwepo. Hakuwa amezitazama.

"Sikuangalia," akasema.

Filister akatikisa kichwa taratibu. Mukai akataka kumrudishia malipo aliyotanguliza, Filister akayakataa. Akataka kumwahidi habari za Shiundu na Desemba, akaona aibu. Filister akachukua diski na leso yake, akaacha mashine, akaondoka akitembea pembeni ya barabara kwa vile viatu vya ngozi.

Ryan aliandika barua pepe chuoni akiomba picha za tamasha. Walimjibu kwa upole kwamba wamepokea ombi lake, kisha hawakuandika tena. Desemba ilikuja, mtu wa Shiundu hakuja. Mukai aliendelea na kazi za spika na televisheni. Mtu akimletea mashine ya kufungua eneo alimwambia ameacha.

Baadaye Filister akaanza kuja na picha. Mara ya kwanza ilikuwa ya shule, Collins amesimama kando ya mlango wa darasa. "Angalia kama ndiye," akasema, "pima na mlango." Mukai akaangalia. Mara ya pili akaleta picha ya ubatizo, kisha ya siku ya safari, uwanja wa ndege, kijana ameshika koti ambalo bado hajalihitaji. Kila mara Filister aliketi kwenye kreti akangoja, bila kumharakisha, kama wateja wengine wanavyongoja redio.

Mukai alizitazama kwa bidii kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote. Na kadiri alivyotazama, ndivyo ile picha ya jukwaani ilivyozidi kumponyoka. Sasa akifumba macho kumkumbuka yule kijana wa ngoma, alimwona akiwa na uso wa picha ya uwanja wa ndege. Alijua kwamba huo uso ameuweka mwenyewe. Chini yake palikuwa na uso mwingine, au ule ule, na hakuwa na njia ya kuufikia.

"Sasa?" Filister aliuliza.

"Bado, mama," Mukai akasema, akamrudishia picha.