Jiko la Mnunuzi Asiyejulikana

Mke wa fundi rangi hakununua jiko kwa macho. Alisimama mbele yake dukani, akakoroga sufuria isiyokuwepo, akaramba kidole, mpaka wauzaji wakashikwa na njaa. Friji aliipiga kofi, kisha akaitegea sikio. "Mama watoto, nyumba tunaiuza," mumewe alimkumbusha. "Jiko ni la mnunuzi." "Kwani mnunuzi anapikia mkia?" Walitaka kuhamia karibu na wajukuu, na bila kuuza hawaendi. Lakini bibie, mfupi wa kuokota sindano bila kuinama, aliamuru jiko na kaunta vifungwe usawa wa kiuno chake.

Mnunuzi akaja: mwanamke mrefu hata mawingu yalimpisha. Aliitazama kaunta iliyomfika magotini. Fundi rangi akafumba macho. "Mume wangu," mwanamke akaita, "njoo uone jiko lako!" Akaingia bwana mmoja, kichwa usawa wa kiwiko cha mkewe. Akaegemea kaunta bila kutafuta kigoda, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Miaka yote napika kwa kurukaruka, leo nimepata jiko lenye adabu! Funguo ziko wapi?"